Ukurasa Tulioufuta



Tulikuwa tumekusudia kuandika juu ya jambo jingine juma hili. Lakini jioni ya Jumanne tulipata mgeni, na tangu aondoke hatujaweza kuandika lingine lolote ila hili.

Mgeni wetu alikuwa mama wa makamo, aliyesafiri kwa basi tangu alfajiri kutoka parokia tuliyoihudumia zamani, huko Nyanda za Juu Kusini. Hatukumtambua mara moja. Baada ya salamu na chai alitueleza kuwa yeye ni binti wa mzee wetu yule wa kipima mvua, na kwamba mzee alikwisha kufariki, yapata miaka mitatu sasa. Tulimpa pole. Ndipo akasema lililomleta.

"Padre, uliwahi kuandika habari za baba kwenye intaneti. Madaftari yake yote yameliwa na mchwa. Watoto wangu wananiuliza babu yao alikuwa anaandika nini kila asubuhi. Naomba unionyeshe pale ulipoandika, nami ninakili."

Tulinyamaza. Andiko lile tulilifuta sisi wenyewe, kwa mkono wetu, mwaka 2018.

Ili tueleweke, yatupasa kurudi nyuma. Tulianza kuandika mtandaoni mwaka 2006. Hatukutumwa na mtu wala hatukulipwa. Ilikuwa burudani yetu, kama wengine wafugavyo njiwa au walimavyo maua mbele ya nyumba. Katikati ya muongo ule blogu za Kiswahili zilikuwa zinachipuka. Ndesanjo Macha alikuwa na ukurasa wake wa Jikomboe, akiwahimiza Watanzania waandike kwa lugha yao wenyewe. Mpigapicha Issa Michuzi naye alianza wake mwaka 2005. Huduma kama Blogger, iliyoanzishwa mwaka 1999 na kununuliwa na kampuni ya Google mwaka 2003, ilimwezesha yeyote mwenye anwani ya barua pepe kufungua ukurasa bila malipo na bila kujua ufundi wa kompyuta. Sisi tuliokuwa tukisoma kazi za hao waliotutangulia tulijiambia: kumbe hata mtu wa kijijini aweza kuwa na gazeti lake!

Kwa kusema kweli, gazeti lenyewe lilikuwa la shida. Kijijini hapakuwa na intaneti. Kila Jumamosi tulipanda Hiace kwenda mjini, tukaingia katika kafe ya intaneti yenye kompyuta sita na dishi moja la setilaiti juu ya paa, tukalipa shilingi 1,000 kwa saa. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulikuwa haujafika. Ulizinduliwa Dar es Salaam mwezi Julai 2009, na hadi hapo kila neno letu lilikuwa likipanda kwanza angani ndipo lishuke kwa msomaji. Mvua ikinyesha kwa nguvu, mawasiliano yalikatika. Umeme ukizimika kabla hatujabonyeza kitufe cha kuchapisha, kazi yote ya saa nzima ilipotea. Kwa sababu hiyo tulijifunza kuandika kwanza katika kaunta buku, nyumbani, kwa taa ya chemli, kisha Jumamosi tunanakili tu. Mtaona baadaye kwa nini tunalitaja hilo.

Tulikuwa pia na kihesabio cha wageni, kile kinamba kidogo chini ya ukurasa kilichoonyesha watu wangapi wamepita. Juma la kwanza kilisoma 43. Tulifurahi mno, tukamwonyesha mhudumu wa kafe. Kijana yule akatuuliza kwa adabu, "Padre, wewe mwenyewe umefungua ukurasa mara ngapi?" Tulipopiga hesabu tukaona kwamba wageni thelathini na kitu tulikuwa sisi.

Twacheka sasa, lakini kihesabio kile kilitutesa miaka mingi. Mwaka wetu wa pili tuliandika andiko moja la mzaha mkali juu ya mashabiki wa Simba na Yanga, nalo likasomwa kuliko yote yaliyotangulia. Wasomaji walibishana, wakatukanana, wakarudi tena. Kwa miezi kadhaa baada ya hapo tuliandika tukitafuta ubishi. Tuliacha habari za watu wa kwetu, tukawa watu wa kutoa hukumu juu ya mambo tusiyoyajua. Siku moja mhudumu yuleyule alituambia, "Padre, siku hizi unaandika kama magazeti ya udaku." Hakukusudia kutusifu. Tulirudi nyumbani kimya, na Jumamosi iliyofuata tuliandika juu ya daraja la miti lililosombwa na maji. Lilisomwa na watu kumi na mmoja.

Hivyo ndivyo tulivyomfikia mzee wetu.

Alikuwa amefanya kibarua katika shamba la chai tangu ujana wake, na huko alifundishwa kusoma kipima mvua, kwa kuwa wenye mashamba hupenda kujua mvua yao. Alipoacha kazi alipewa kipima kimoja kikuukuu. Akakisimika nyuma ya nyumba, mbali na miti, akakizungushia miiba mbuzi wasikiangushe. Kuanzia mwaka 1974 hadi tulipomtembelea mwaka 2012, kila siku saa tatu kamili asubuhi, saa ileile ambayo vituo vya hali ya hewa vya nchi yetu hupimia mvua, alitoka, akasoma kiasi cha maji, akayamwaga, akaandika katika daftari la shule. Ndiye aliyetueleza kwamba milimita moja ya mvua ni sawa na lita moja ya maji kwa kila mita moja ya mraba ya ardhi. Tulikuwa tumesikia milimita zikitajwa redioni maisha yetu yote, na hatukuwahi kujua maana yake.

Kando ya kila tarakimu aliacha nafasi ndogo ya maneno. Msimu wa huko huanza Novemba na kwisha Aprili au Mei, hivyo miezi ya kiangazi ilijaa sifuri tupu, nayo nafasi ile ya maneno ikawa ndiyo habari yenyewe. "Sifuri. Ndama wa jirani amepotea." "Sifuri. Baridi kali, mahindi yamekauka." "Milimita 31. Amezaliwa msichana. Njia haipitiki."

Tulimuuliza kwa nini anaandika na hali hakuna anayemdai. Alitutazama kana kwamba tumeuliza jambo la kitoto. "Nikiruka siku moja," alisema, "na zile za nyuma zinaharibika." Kisha akaendelea kumenya mahindi.

Tulikaa naye alasiri mbili. Kwa ruhusa yake tulinakili jumla ya mvua ya kila mwaka, na maneno tuliyoyaona ya maana. Wakati huo tulikwisha kupata kompyuta ya kupakata na modemu, hatukuhitaji tena safari ya Jumamosi wala kaunta buku. Tuliandika moja kwa moja kwenye mashine, tukachapisha usiku uleule. Tulijiona tumeendelea. Laiti tungalikuwa bado na umaskini wetu wa mwanzo, andiko lile lingalibaki kwenye karatasi!

Mwaka 2018, mwezi Machi, zilitangazwa kanuni za maudhui ya mtandaoni, zilizowataka wenye blogu nchini kuwa na leseni. Ada ya maombi ilikuwa shilingi 100,000, ya leseni shilingi 1,000,000, na ya kila mwaka shilingi 1,000,000. Kwa mwandishi wa burudani asiye na tangazo hata moja, fedha hizo hazikuwapo. Hatuandiki haya kulaumu mtu yeyote. Kanuni zile zenyewe zilifutwa na kuandikwa upya mwaka 2020. Tunaandika kuungama la kwetu.

Tungaliweza kuuficha ukurasa ili usionekane na watu. Tungaliweza kupakua nakala ya blogu nzima, kwani huduma nyingi zina kitufe cha kazi hiyo, nayo huchukua dakika chache tu. Hatukufanya hata moja. Jioni moja ya mwezi Juni, tukiwa na hasira na uchovu, tuliingia, tukachagua kufuta, mashine ikatuuliza kama tuna uhakika, tukajibu ndiyo. Maandishi 540 ya miaka kumi na miwili yakaondoka.

Na chini ya hasira kulikuwa na kitu kibaya zaidi. Moyoni tulisema: wasiotusoma na wakose. Miaka yote ile tulikuwa bado tunakitazama kile kihesabio. Tulidhani ukurasa ni mali yetu, kama njiwa wa mtu, akichoka aweza kuwafungulia waende zao. Haikutupitia akilini kwamba ndani yake mlikuwa na mvua ya mtu mwingine.

Hayo yote tulimweleza mama yule Jumanne jioni. Hakutukemea. Alisema tu, "Basi, Padre, ndiyo hivyo," akashika kikombe chake kilichokuwa kimekwisha poa. Wasomaji wetu mnajua kwamba kuna upole unaouma kuliko lawama.

Tulimwomba alale kwa masista, atupe siku moja. Usiku ule tulitafuta. Iko maktaba kubwa ya mtandao, Internet Archive, iliyoanzishwa na Brewster Kahle huko San Francisco mwaka 1996, ambayo hupita ikinakili kurasa za dunia na kuzihifadhi. Tangu mwaka 2001 mtu yeyote aweza kuandika anwani ya zamani na kuona ukurasa ulivyokuwa. Kwa msaada wake na wa watu wa kujitolea, nyingi kati ya kurasa za watu wa kawaida zilizokuwa GeoCities ziliokolewa mwaka 2009, huduma ile ilipofungwa. Tuliandika anwani yetu kwa mikono iliyotetemeka. Ukurasa wetu wa mbele ulikuwamo, umenakiliwa mara mbili, mwaka 2009 na mwaka 2015. Katika ule wa pili kichwa cha andiko letu kilionekana upande wa kulia, katika orodha. Tulipokibonyeza, hapakuwa na kitu. Mashine ile imepita mlangoni kwetu, ikaandika jina la nyumba, lakini haikuingia vyumbani.

Asubuhi tulimkumbuka mhudumu wa kafe. Kafe yenyewe ilikwisha kufungwa siku nyingi, kwa kuwa kila mtu sasa ana intaneti mfukoni. Yeye anauza chaja na vioo vya simu mjini palepale. Tulipompigia alicheka sana kusikia sauti yetu. Tukamweleza shida. Akakaa kimya kidogo, akasema, "Shikilia, Padre." Kumbe zamani, ili kuvuta wateja, alikuwa na desturi ya kuchapa maandishi yaliyomfurahisha na kuyabandika ukutani. Alipofunga kafe aliyabandua, akayatia katika boksi moja na risiti zake. Hatukuwahi kujua. Kihesabio chetu kilimhesabu kama mgeni mmoja, aliyeingia mara moja.

Ilipofika saa saba mchana alitutumia picha kwa simu. Andiko letu lilikuwa la kurasa tatu. Alikuwa nazo mbili, zenye alama za gundi kwenye pembe. Ukurasa wa kwanza ulikuwa habari za mzee. Wa pili ulikuwa na mvua za mwaka 1974 hadi 1989. Wa tatu, wa mwaka 1990 na kuendelea, haukuwamo bokisini.

Mama yule alisoma polepole, kidole chake kikifuata mistari kwenye kioo cha simu yetu. Alipofika mwaka 1979 alisimama. "Milimita 31. Amezaliwa msichana. Njia haipitiki." Akacheka, akajifuta macho kwa ncha ya khanga. "Ni mimi huyu," alisema. "Mama alikuwa akinisimulia kwamba mkunga alichelewa kwa sababu ya tope. Nilidhani ni hadithi."

Baadaye, akijiandaa kuondoka, alisema kwa sauti ya chini: "Siku aliyofariki mama ni mwaka 1994. Hiyo sikuipata." Hatukuwa na la kujibu. Tunakumbuka kwamba mzee aliandika kitu siku hiyo, tena tunakumbuka kwamba tulikinakili. Ni nini, hatukumbuki. Tumejaribu siku nne sasa. Haituhusu kujitungia maneno ya mzee ili tupate usingizi.

Wapendwa, tumewaletea habari hii kwa kuwa wengi wenu, hasa vijana, hutuandikia mkiomba ushauri wa namna ya kuanzisha kurasa zenu, nanyi karibu nyote huuliza swali moja: tutapataje wasomaji? Nasi miaka yote tumekuwa tukijibu swali hilo. Juma hili tumeona kwamba liko swali jingine la kutangulia. Ni nani anayekaa ndani ya maandishi yako, na utamtunzaje?

Mwaka uleule tulioanza sisi, tarehe 12 Oktoba 2006, alifariki huko Monza, Italia, kijana Carlo Acutis, mwenye umri wa miaka 15. Naye alitengeneza tovuti kwa kupenda, si kwa ajira. Katika tovuti yake inayojulikana zaidi alikusanya na kupanga habari za miujiza ya Ekaristi kutoka nchi mbalimbali, kazi ya subira kama ile ya mzee wetu na daftari lake. Alipotangazwa mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025, kazi ile ilikuwa bado inasomwa, kwa sababu wapo walioitunza baada yake. Sisi tuliishi, tukawa na miaka kumi na miwili ya kuandika, na hatukutunza hata yetu.

Basi, kwa wale waandikao kwa kupenda tu, haya machache tuliyojifunza kwa gharama ya mtu mwingine.

Andikeni yaliyo karibu nanyi. Ubishi wa mjini utaandikwa na wengi; daraja la kijijini kwenu, mkunga wenu, fundi wenu wa baiskeli, msipowaandika ninyi hakuna atakayewaandika. Waombeni ruhusa kwanza, kisha wasomeeni mlichoandika.

Wekeni nakala. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi twaongeza kwamba hata daftari bila nakala hupotea vilevile, liwe la karatasi au la umeme. Mchwa alikula ya mzee, hasira ikala ya kwetu. Kila mwisho wa mwezi pakueni maandishi yenu, yahifadhini mahali pawili tofauti, na yale yanayobeba jina la mtu yachapeni kwenye karatasi na kumpa mwenyewe. Tungalimpa mzee karatasi zile tatu mwaka 2012, leo zingekuwa mikononi mwa binti yake. Hatukufikiri. Tulimwandika, tukamsahau mwandikwa.

Msikitazame kihesabio. Hakijui nani amebandika maneno yenu ukutani.

Na mkichoka, kwa maana mtachoka, acheni kuandika ikibidi. Kuacha si kosa. Lakini msifute.

Kurasa zile mbili tumezinakili upya, na mama yule ametukubalia kuziweka hapa juma lijalo. Tumempa pia nakala tatu za karatasi: yake, ya kaka yake, na moja ya shule ya msingi ya kijijini. Mhudumu wetu wa zamani ameahidi kupekua maboksi yaliyosalia mwezi huu. Kama yupo kati yenu aliyewahi kuchapa au kunakili andiko lile mwaka 2012, hata kipande chake, tunamwomba kwa unyenyekevu atuletee. Tunatafuta mvua ya mwaka 1994, na maneno machache yaliyoandikwa kando yake.

Tuwatakie juma jema.